Mzee Aliyebusu Twiga

Kwa miaka mingi akina mama wa kanisa letu hapa mtaani Umoja walinitambulisha kwa wageni hivi: "Na huyu ni mwalimu wetu. Kazi yake ni kukuna panya." Mgeni alicheka, nami nikacheka, kisha chai ikamiminwa na mazungumzo yakahamia kwa bei ya nyanya. Sikuwahi kuwasahihisha kwa sababu hawakuwa wamekosea sana. Nilikuwa mtafiti wa neva katika chuo kikuu, na sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia kugusa vitoto vya panya kwa uzi mwembamba na kuandika walichofanya.

Sasa nimestaafu. Nina afya, nina meno ya kutosha, na nina mume. Namshukuru Mungu kwa vyote vitatu, ila kwa mume nashukuru huku nimeinamisha kichwa. Mume wangu ni mchongaji wa vinyago. Vidole na nyayo zake zilikuwa zikifa ganzi polepole ndani ya nyumba yangu, mezani pangu, kanisani ubavuni pangu, nami niliyesomea neva za vidole mpaka nikavishwa joho sikujua. Tena afadhali ingekuwa kutojua tu. Nilimcheka.

Nianze na panya, maana bila wao aibu yangu haieleweki.

Jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zinashiriki ukuta mmoja, ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Siku moja alitaka nimweleze kazi yangu sawasawa ili akiulizwa asiseme uongo.

"Kwa hivyo unawafundisha panya kuhisi?"

"Hapana, dada. Wanajifunza wenyewe."

"Basi wewe huko huenda kufanya nini?"

"Kuangalia wanavyojifunza."

"Kumbe! Hata kwangu wako wengi. Njoo na joho lako uangalie."

Nilimweleza hata hivyo, kwa mfano wa mtaa wetu. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, dukani kulikuwa na simu moja. Ikilia, wapangaji wote hutoka milangoni, kila mmoja akidhani ameitwa yeye. Mtoto mchanga wa panya yuko hivyo. Ukimgusa unyayo kwa uzi mwepesi, mwili mzima unaruka: mguu, mgongo, hata mkia. Habari imefika kwenye uti wa mgongo na nyumba zote zimefungua milango. Lakini baada ya wiki mbili tatu, ukimgusa palepale, anavuta mguu ule mmoja basi. Simu imempata mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuuliza ni nani aliyewapangia wale wapangaji, ni kwa nini neva hii ilikaa na ile ikaondoka, na mtoto asipoguswa vya kutosha siku zile za kwanza hutokea nini.

Jirani alifikiri. "Hata mtoto wa mtu," akasema. "Ukimshika mguu akiwa mchanga, anashtuka mwili wote."

"Ndivyo."

"Hiyo nilijua bila kwenda chuo."

Nikamwambia sehemu ambayo hakuijua, nayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Vile vitoto vikilala, miguu yao hurukaruka. Mtu akiwatazama husema wanaota. Lakini kila mguu unaporuka hugusa kitu, tumbo la mama au sikio la ndugu yake, na ule mguso unarudi kuupa uti wa mgongo habari: kumbe huu ndio mguu wa kushoto, na hapa ndipo unapoishia. Mwili unafundishwa ukiwa usingizini. Nililelewa katika shule ya Jumapili, nikafundisha huko kabla sijafundisha chuo, na sijaona maabara ikinipa somo zuri kuliko hilo la Mungu kumfundisha mtu akiwa hana hata habari kwamba yuko darasani. Mchungaji alilipenda akalitumia katika mahubiri, ila panya akawaacha nje.

Vifaa vyangu havikuwa vya kutisha. Nyuzi zinazouzwa na makampuni ya ng'ambo zilitushinda, basi nilinunua nailoni za kuvulia samaki katika duka moja la vifaa upande wa Industrial Area, nene na nyembamba, nikazikata na kuzigandisha kwenye vijiti, kisha nikazipima kwenye mizani moja baada ya nyingine. Ukibonyeza uzi wa namna hiyo kwenye ngozi, hufika mahali ukapinda, na ukishapinda hauongezi nguvu hata ukisukuma. Kwa hivyo kila uzi una uzito wake wa mguso na haudanganyi. Mwenye duka aliona nanunua nyuzi za kila unene, akaniuliza nitavua wapi. Nikamwambia chuo kikuu.

Na kulikuwa na kanuni moja niliyowakaririsha wanafunzi wangu mpaka wakaichoka. Mara kwa mara, katikati ya kupima, sogeza uzi karibu na unyayo lakini usiguse. Tuliuita mguso wa bure. Mwanafunzi akiandika kwamba panya ameruka, basi aliyeruka si panya bali moyo wa mwanafunzi. Mtu akitaka kuona kitu, atakiona. "Mguso wa bure ndio unaotulinda na sisi wenyewe," nilikuwa nikisema, huku nikijiona mwerevu.

Sasa mume wangu.

Tulikutana kwenye mnada wa kanisa, mimi nikiwa bado mwanafunzi, yeye akiwa na meza ya swala na twiga. Nilichukua swala mmoja nikamsifu. Alininyang'anya.

"Dada, humnunui kwa macho. Funga macho kwanza."

"Hapa mbele za watu?"

"Fumba tu, sitakimbia na mkoba wako."

Nilifumba. Akaniwekea swala mkononi, nami nikampitisha kidole kuanzia pembe kushuka shingoni. Chini ya taya nilikuta kijisehemu kinachokwaruza kidogo kama chembe ya chumvi.

"Hapa umekosea," nikamwambia.

Alicheka. "Nimeacha makusudi. Nilitaka kujua kama una vidole."

Hadi leo sijui kama alikuwa akisema kweli. Nimemuuliza mara nyingi na hujibu kwa kuniomba chai. Lakini kule kufumba macho hakukuwa ujanja wa uchumba pekee. Ndiyo sheria ya wachongaji aliojifunza kwao, na ndiyo sheria ya banda lao la Njiru, kandokando ya barabara ya Kangundo, ambako yeye na wenzake wawili wanafanya kazi. Kinyago kikishachongwa kwa tezo, kikanyooshwa kwa patasi na kupigwa msasa, hakipakwi rangi ya kung'arisha mpaka kiwekwe mikononi mwa mmoja wao aliyefumba macho. Huyo huitwa mkono wa mwisho. Akisema "pita," kinapita. Akikaa kimya, kinarudi kwenye msasa, na hakuna kubishana. Mume wangu alikuwa mkono wa mwisho tangu walipoezeka mabati ya banda lile. Watu wengine wana vyeo vya kanisa na vya serikali. Yeye alikuwa na hicho.

Nilipostaafu nilikuwa na muda wa kumtazama mume wangu kama nilivyowatazama panya. Ndipo nilipoanza kuona mambo, na kila nililoliona nililitafsiri vibaya.

La kwanza, alianza kubusu wanyama. Nilikuwa nampelekea chakula bandani Jumamosi, na nilimkuta amemwinua twiga, amemsogeza mdomoni, anampitisha midomo shingoni taratibu, macho amefumba. Nilisimama mlangoni na sufuria.

"Baba, na mimi je?"

Alishtuka karibu amwangushe. "Nampuliza vumbi."

"Vumbi linapulizwa hivyo? Mimi na twiga, nani ameolewa?"

Wenzake waliinama kwenye kazi zao kama watu wanaotafuta kitu sakafuni. Nilidhani wanazuia kicheko. Nikarudi nyumbani nikamsimulia jirani yangu, naye akawasimulia akina mama, na kwa miezi kadhaa kila niliyekutana naye aliuliza twiga hajambo.

La pili, siku moja alitembea kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni akiwa na kandambili moja. Ya mguu wa kulia haikuwepo. Nilimuuliza iko wapi, akatazama chini kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

"Imebaki njiani," akasema.

"Imebaki njiani nawe ukaja? Haikukuaga?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilikwenda kuitafuta nikaikuta karibu na kinyozi, njia panda mbili kutoka nyumbani. Mtu ametembea njia panda mbili juu ya kokoto, mguu mtupu, na mke wake aliyekuwa akipima nyayo kwa uzi wa nailoni anaona ni mzaha mzuri.

La tatu ndilo linalonichoma. Jumapili asubuhi alianza kuniomba nimfunge vifungo vya shati. Alisimama mbele yangu, kidevu juu, mikono imelegea, na mimi nikavifunga kimoja kimoja kutoka chini mpaka kooni. Hakuwahi kuomba hivyo hata siku ya harusi. Nilijiambia, uzee umetuletea upole. Nilimshukuru Mungu kwa vifungo vile! Niliwaambia akina mama katika ushuhuda kwamba ndoa ina majira yake, na kwamba sisi tumerudi kwenye uchumba. Wakapiga makofi.

Miezi ilipita hivyo. Alibusu twiga, nami nikafunga vifungo.

Kisha, Jumamosi moja mchana, nilipeleka githeri bandani, mahindi na maharagwe ya jana yake. Wenzake walikuwa wametoka kupakua magogo barabarani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, twiga mapajani, patasi mkononi, anaimba pambio kwa sauti ya chini. Nilianza kuandaa maneno ya utani. Halafu nikaona shingo ya twiga ni nyekundu.

Ule mti haukuwa na rangi hiyo. Nilimshika mkono. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye pingili hadi karibu na kucha, na damu ilikuwa ikishuka kwenye shingo ya yule mnyama hadi magotini mwa suruali yake. Yeye alikuwa bado anaimba.

"Baba, umejikata."

Alitazama. "Ala," akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imeanza.

Nilifunga kidole kwa leso. Na nilipokuwa nafunga, mambo yote yakaja kwa pamoja yakakaa mbele yangu kama wanafunzi waliochelewa. Neva ndefu ndizo huumia kwanza. Za nyayo, ambazo husafiri kutoka mgongoni hadi ardhini, halafu za vidole vya mkono. Za uso ni fupi, zinaingia ubongoni kwa mlango wa karibu, na hubaki nzima muda mrefu. Mtu ambaye vidole vyake havisikii tena ubapa wa mti, lakini ni fundi, na ana wajibu, na ana kiburi kidogo, atatafuta ngozi nyingine inayosikia. Atatumia midomo. Mume wangu hakuwa akibusu. Alikuwa akifanya kazi.

Na ugonjwa wa sukari, ambao ndio huua neva kwa mpangilio huo? Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na kambi ya matibabu kanisani, akapimwa damu, na alirudi akaniambia, "Wamesema niko sawa, ila chai ya pale wanatia sukari nyingi." Nilicheka hata hiyo.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana nilishusha kutoka juu ya kabati boksi la vifaa vyangu vya zamani. Lilikuwa chini ya vitabu vya nyimbo. Nilimwambia akae kwenye kiti chake, aweke mikono juu ya meza, viganja juu, na miguu kwenye kigoda.

"Leo mimi ndiye panya," akasema.

"Leo wewe ndiye panya. Fumba macho. Ukihisi uzi, sema hapo."

Nilianza na kidole gumba, uzi wa wastani.

"Hapo."

Kidole cha shahada, pembeni mwa kidonda. "Hapo." Cha kati. "Hapo." Nilibadili uzi, nikachukua mwembamba kabisa, ule ambao mimi mwenyewe huuhisi kwa shida. "Hapo." Nilianza kupumua. Nikamgusa kidole kikubwa cha mguu, "hapo," na kisigino chenye sugu ya miaka sitini, ambacho hata msumari ungelazimika kubisha hodi. "Hapo."

Ndipo nilipoinua uzi juu, nikauweka hewani, mkono wangu umesimama mbali naye, na nikangoja.

"Hapo," akasema mume wangu.

"Sijakugusa."

Macho yake bado yamefumbwa. Nje mtu alikuwa akiuza sukuma wiki kwa kipaza sauti.

"Nimehisi kwa imani," akasema.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yeye akacheka, na baadaye machozi ya kwangu hayakuwa tena ya kicheko. Nilimwambia imani ni ya mambo tusiyoyaona, lakini vidole vyake naviona, viko mezani. Akafumbua macho.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Miguu, zamani. Mikono, tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuniambia mimi? Mimi, kati ya watu wote wa Umoja?"

"Kwa kuwa ni wewe. Jirani ningemwambia, angeniombea. Wewe ungejua." Alitazama viganja vyake. "Na ukishajua wewe, Mama, imekuwa kweli. Halafu ningewaambia nini kule bandani? Mkono wa mwisho usiosikia ni wa nini? Ni mzee amekaa kwenye kigoda."

Niliingiza nyuzi kwenye boksi kwa mpangilio wake, nyembamba mpaka nene, kwa sababu mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya.

Kliniki tuliyokwenda, daktari alikuwa binti niliyemfundisha zamani. Alisoma vipimo vya damu, akapima nyayo, kisha akanigeukia mimi badala ya mgonjwa.

"Mwalimu, ulimpima mwenyewe?"

"Nilimpima."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi," akarudia, akaandika. Hakuongeza neno. Nilimfundisha vizuri kunyamaza panapostahili, na siku ile nilijuta kidogo.

Alituambia kwa upole kwamba sukari ingeweza kushushwa kwa dawa, chakula na nidhamu. Ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke, ama itoke kidogo. Lakini miguu aliyo nayo angeweza kuzikwa nayo, kwa masharti: asitembee pekupeku, nyayo zikaguliwe kila siku, na akihisi au asipohisi jambo, aseme. Daktari alilirudia hilo la mwisho. Kidonda ambacho mwenyewe hakisikii wala hakisemi ndicho huondoa mguu. "Mzee, usiwe unasema ndiyo kwa kila kitu," akasema. Mume wangu akajibu, "Ndiyo."

Kwa hiyo tuliyekuwa tukimhofia hakuwa sukari pekee. Alikuwa mzee mwenye adabu anayemjibu kila mtu "hapo."

Wiki nzima hakwenda Njiru. Nilimwacha. Nilikuwa nimengoja neva maisha yangu yote, na neva hazikimbizwi. Jumamosi alivaa viatu vya kufunika, nikamfungia kamba zake, akasema, "Twende wote."

Bandani alisimama badala ya kukaa. Wenzake wawili wakaacha tezo. Mmoja ni mnene, rafiki yake wa siku nyingi, mwimbaji wa besi kanisani kwetu. Mwingine ni baba wa watoto wanne aliyezaliwa na kukulia mitaa hii ya Eastlands, na Kiswahili chake ni kile cha mitaa.

"Ndugu zangu," mume wangu akasema, "vidole vyangu havisikii. Ni muda sasa. Vinyago nilivyovipitisha, nilivipitisha kwa midomo. Naomba msamaha. Mtafute mkono mwingine."

Niliomba kimoyomoyo. Mnene alimtazama mwenzake.

"Si tulijua," akasema yule wa mitaa.

"Mlijua?"

"Buda, kila saa unaangusha msasa halafu unauliza ni nani ameiba. Na hiyo story ya kukiss twiga..." Alinitazama, akatazama mabati. "Mwanzo tulidhani mathe amekunyima."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilitazama mabati pia.

"Sasa mbona hamkusema?" mume wangu akauliza.

"Tungesemaje?" Mnene alifuta mikono kwenye aproni. "Mkono wa mwisho ndio unaosema. Tulikuwa tunangoja useme. Ukienda kunywa chai, tunakipapasa tena ulichopitisha."

"Mkakuta makosa?"

"Mara mbili."

"Mara mbili tu?"

"Mara mbili. Midomo yako si mibaya, mzee."

Mume wangu alikaa. Alikaa kwa namna ya mtu aliyebeba gunia kutoka sokoni akagundua nyumbani kwamba wenzake walikuwa wamelishika kwa nyuma njia nzima. Kisha akaomba githeri niliyokuja nayo.

Waliniweka mimi kuwa mkono wa mwisho. Sikuomba. Mnene alisema shangazi yake kule nyumbani alikuwa mkono wa mwisho wa banda la wanaume sita, kwa hivyo si jambo geni. Nilifumba macho nikapewa swala, nami nikafanya kama nilivyozoea: nikamgusa kwa ncha ya kidole hapa, nikangoja, nikamgusa pale, nikangoja, nikihesabu.

"Mathe," yule wa mitaa akasema, "hiyo si panya. Pitisha mkono tu."

"Mwache," mume wangu akasema, mdomo umejaa mahindi. "Anangoja aruke."

Sasa nimejifunza, kiasi. Mara nne hivi kwa mwezi mimi ni mkono wa mwisho wa Njiru, na pale ninapositasita namsogezea mume wangu kinyago, naye hukipitisha midomoni wazi kabisa mbele ya watu, akinikonyeza. Kuchonga anachonga, kazi kubwa ya tezo, akiwa na glavu za ngozi. Hajarudi kwenye shingo za twiga. Siku nyingine huzitazama.

Na kila jioni kabla ya sala, jua likiwa bado dirishani, namwosha miguu kwenye karai la plastiki. Naikausha katikati ya vidole, naichunguza kwa miwani, naipaka mafuta. Kanisani kwetu tunaoshana miguu mara moja kwa mwaka, na watu hulia. Jirani yangu, aliyetukuta siku moja, alisema mume wangu amepata Pasaka ya kila siku na bado ananung'unika maji ni baridi. Ni kweli ananung'unika. Maji nayapima mimi kwa kiwiko, kwa sababu yeye hawezi kujua.

Mwisho wa mwezi natoa lile boksi. Nilimpima tena juzi. Alifumba macho, nami nikaanza na kidole kikubwa cha mguu wa kulia, kwa uzi wa wastani.

Alikaa kimya. Nilisukuma mpaka uzi ukapinda. Kimya. Nikaandika.

Nikainua uzi hewani, nikangoja kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumngojea panya. Nilimwona anakunja uso, anatafuta, anataka sana kunipa kitu.

"Hujagusa," akasema.

"Sijagusa."

Nikachukua uzi mnene zaidi, nikauweka kwenye upinde wa unyayo, pale ambapo ngozi ni laini.

"Hapo," akasema. Akafumbua jicho moja. "Hapo kweli, Profesa. Andika."

Nikaandika.